Kidege Kisichopiga Hodi

Mteja alinitumia kiungo cha video saa nne usiku, na chini yake maneno matano: "Tunataka kitu kama hiki, dada."

Huenda nawe umeshaiona. Ni ile video ya mwaka 2021 iliyopigwa ndani ya ukumbi wa bowling kule Minneapolis, Marekani. Kamera inaanzia nje barabarani, inaingia mlangoni, inapita katikati ya watu wanaokunywa na kucheza, inajipenyeza nyuma kwenye mashine zinazopanga pini, inatoka tena ukumbini. Kama dakika moja na nusu, bila kukatwa. Aliyeirusha droni ile, Jay Christensen, alikuwa amevaa miwani usoni, anaona kile tu ambacho kidege chake kinakiona. Hiyo ndiyo FPV, droni ambayo rubani wake anaona dunia kwa jicho la kidege chenyewe, kana kwamba amekaa ndani yake.

Mimi sikuwa na kitu cha namna hiyo. Nilikuwa na droni ndogo ya kawaida, gramu 249, niliyoinunua kwa malipo ya miezi kadhaa ya makala na habari. Nilikuwa na kazi ya filamu ya dakika kumi kuhusu fundi wa majahazi wa Kilwa Kivinje, jirani yake shangazi yangu. Na nilikuwa na tarehe. Chombo kingeshuliwa siku ya bamvua, maji yanapojaa kupita kiasi, na bamvua haimsubiri mpiga picha.

Kwa hiyo nikafanya kama wanavyofanya wote. Nikaanza kuuliza: ninunue au nikodi ipi, FPV au niendelee na ya kawaida? Kila niliyemuuliza alinijibu kwa namba. Kasi kiasi gani, betri dakika ngapi, bei shilingi ngapi. Majibu mazuri tu, sikatai. Lakini swali lenyewe nilikuja kulielewa baadaye, na aliyenielewesha hajawahi kushika droni maishani mwake.

Kwanza niseme tofauti yenyewe, kwa wale ambao hawajawahi kuzishika hizi mashine.

Droni ya kawaida ina adabu ya mashine. Ukiachia vijiti vya rimoti, inasimama hewani kama taa iliyotundikwa. GPS na vihisi vyake vinaishikilia mahali pamoja hata upepo ukivuma. Kamera imefungwa kwenye kishikio chenye mota ndogo ndogo zinazoituliza, ndiyo maana picha zake zinateleza kama maji. Betri ikikaribia kwisha, inarudi yenyewe ilikopaa. Wewe unatazama kioo cha simu, na muda wowote unaweza kuinua macho ukaitafuta angani. Kwa betri moja nilikuwa napata karibu nusu saa.

FPV ukiiweka katika hali ya kuendeshwa kwa mkono kabisa, haikusaidii hata kidogo. Ukiinamisha, inabaki imeinama mpaka uinyooshe mwenyewe. Hakuna kinachoishikilia hewani kwa niaba yako. Kamera imekazwa kwenye mwili wa droni, basi droni ikilala upande kwenye kona, dunia nayo inalala upande. Zipo za kiwandani zilizorahisishwa, kama DJI Avata 2 iliyotoka mwaka 2024, yenye kinga kuzunguka pangaboi zake. Na zipo zile ambazo vijana wanaziunga wenyewe kwa bisibisi na risasi ya kulehemu, ambazo zikibeba kamera ya ziada huruka dakika tano hivi, basi. Hata hivyo zinaweza kupita mahali ambapo ile ya kawaida haiwezi hata kuota: chini ya meza, katikati ya mbavu za chombo, dirishani.

Sisi wasomaji wa riwaya tunaijua tofauti hii kwa jina jingine. Kezilahabi alipoandika *Rosa Mistika*, iliyotoka mwaka 1971, alisimulia kwa nafsi ya tatu, msimulizi akiwa juu ya watu wote. Katika *Kichwamaji*, ya mwaka 1974, akampa Kazimoto mdomo wake mwenyewe, nasi tukafungiwa ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Droni ya kawaida ni msimulizi maizi. Yuko juu, anaona mapaa yote, na hakuna anayejua amesimama wapi. FPV ni nafsi ya kwanza. Hata jina lake la Kiingereza linasema hivyo hivyo.

Na mimi, kwa kiburi cha mtu aliyesoma fasihi chuo kikuu, niliamua kwamba nafsi ya tatu ndiyo yenye heshima. FPV niliiona kama kelele za vijana, kitu cha matangazo ya magari na mashindano ya pikipiki. Fundi wa majahazi ni mtu mzima, kazi yake ni ya utulivu, mwache apigwe kwa utulivu, kutoka mbali. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Safari ya kwanza nilifika Kivinje jioni. Asubuhi iliyofuata, kabla jua halijawa kali, nilisimama ufukweni nikarusha. Kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga nilikuwa nacho, kimepigwa chapa na kukunjwa mfukoni. Nikapandisha hadi mita 40 hivi, nikaivuta nyuma polepole. Kwenye kioo cha simu mji wote ukafunguka: tope la ufuko maji yakiwa yamekupwa, mikoko upande, magofu ya nyumba za mawe yenye miti iliyoota ndani, mapaa ya mabati yenye kutu na ya makuti, na katikati yake jahazi likiwa limesimama kwenye magogo kama samaki aliyeliwa upande mmoja. Nikasema moyoni, hii ndiyo picha ya kufungulia filamu. Ilinichukua dakika sita. Hakuna aliyenisemesha. Ile droni ikiwa juu namna ile hata sauti yake huisikii vizuri.

Siku hiyo hiyo nilikata kipande cha sekunde 30, nikakirusha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Watu wakafurahi sana. Binamu zangu walioko Muscat wakaandika kwamba wamelia.

Siku ya nne shangazi akapiga simu. Nilikuwa nimesharudi Dar.

"Mwanangu, ile picha uliyotuma, umeitazama vizuri?"

"Nimeitazama, shangazi. Kwani ina nini?"

"Itazame upande wa mkono wa kulia, nyuma ya nyumba yenye mpapai." Akanyamaza kidogo. "Kisha unipigie."

Nikafungua faili lenyewe kwenye kompyuta, si kile kipande kilichobanwa cha WhatsApp. Nikakuza. Nyuma ya nyumba yenye mpapai kuna ua, na kwenye kona ya ua kuna bafu la makuti. Kama mabafu mengi ya uani huku pwani, halina paa. Kwa nini liwe na paa? Ukuta wa makuti unatosha kumzuia jirani, na tangu dunia iumbwe hakuna jirani aliyekaa juu. Kanga imetundikwa ukutani. Na ndani ya bafu yumo mama mmoja, anaoga.

Kwenye kile kipande cha kwenye simu alikuwa doa tu. Asiyejua asingejua. Lakini Kivinje wote wanajua bafu lile ni la nani, na saa ile ya asubuhi anayeoga ni nani, na kanga ile ni ya nani. Kwenye faili langu la 4K hakuwa doa.

Nilifuta. Nikaandika kwenye kundi kuomba kila mtu afute. Lakini kufuta kwenye simu yako si kufuta kwenye simu ya mtu aliyekwisha kupakua, na mpaka leo sijui ile video iliishia wapi. Mimi ni mwandishi wa habari. Kwa zaidi ya miaka kumi sijawahi kumnukuu mtu bila kumwomba ruhusa. Na mimi ni mwanamke, mtu ambaye shangazi angemkaribisha uani bila kufikiri mara mbili. Hilo ndilo lililonichoma zaidi: ua ule ningeweza kuingia kwa mlango.

Nilirudi Kivinje wiki ile ile. Shangazi hakunigombeza. Alinipa maji ya kunywa, akajitanda, akasema, "Twende." Nilikuwa nimenunua doti ya kanga Kariakoo.

Tulipiga hodi. Tukakaribishwa, tukaketi kwenye jamvi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Nikasema nilichokuja kusema. Nilijaribu kueleza kwamba sikukusudia, kwamba kwenye kioo kidogo cha simu sikumwona, kwamba nilikuwa natazama jahazi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, bila hasira:

"Hapa mlangoni umepiga hodi. Kule juu ulimpigia nani?"

Sikuwa na jibu. Kibali nilikuwa nacho, lakini kibali cha anga hakisemi neno kuhusu ua wa mtu.

Ile doti aliisukuma pembeni, si kwa kuirudisha wala kwa kuipokea. Akasema, "Nimekusikia." Hakusema amenisamehe. Shangazi akaniambia tukiwa njiani kurudi kwamba nisubiri, maneno mengine hayasemwi siku moja.

Basi nilibaki na filamu isiyo na picha ya kufungulia, na mteja anayetaka Minneapolis. Wazo la kwanza lilikuwa kuacha droni zote kabisa. Wazo la pili lilitoka kwa kijana mmoja wa Mwananyamala anayeunga na kurusha FPV, ambaye nilimsimulia kisa chote tukinywa chai. Akanijibu kitu ambacho sikukitegemea.

"Dada, mimi siwezi kumpiga mtu bila yeye kujua. Kidege changu kinapiga kelele kama nyuki elfu. Na nikipita sebuleni kwako bila kukuambia, tutaumizana wote wawili."

Nikaanza kufikiri upya. Nilikuwa nimeweka adabu upande wa utulivu na ufedhuli upande wa kelele. Lakini ile tulivu ndiyo iliyochungulia. Ilichungulia kwa sababu ni rahisi mno, haikuhitaji mtu yeyote. Ningeweza kuirusha peke yangu, dakika sita, nikaondoka. FPV haiwezi. Ili ipite mahali walipo watu, lazima kila mmoja ajue itapita wapi, saa ngapi, na yeye asimame wapi. Lazima utembee njia nzima kwa miguu kwanza. Lazima uombe milango iachwe wazi. Na kwa kuwa rubani amefunikwa macho, lazima awepo mtu wa pili kando yake, anayetazama kwa macho yake ya kawaida na kumwambia, "Mtoto kulia, simama." Shida zote hizi ambazo mafundi wanazihesabu kuwa udhaifu wake, ukizipanga vizuri, zinafanana na hodi.

Sisemi kwamba FPV ni takatifu. Mtu mwenye nia mbaya ataingia nayo dirishani kwako kama mwizi. Na ni hatari kuliko ile nyingine. Kijana alinilazimisha nifanye mazoezi ya saa 20 kwenye mchezo wa kompyuta, ili tu nielewe anachopambana nacho. Nilianguka mara nyingi kiasi kwamba nilishukuru ni mchezo. Nikakubali kwamba yeye atarusha, mimi nitakuwa macho yake.

Tulifika siku tatu kabla ya bamvua. Siku ya kwanza hatukurusha kitu. Tulitembea. Njia tuliyoipanga ilianzia kwenye kichochoro kati ya nyumba mbili, ikatoka kwenye karakana ya fundi, ikapita chini ya tumbo la jahazi kati ya magogo, ikapanda kando ya ubavu, ikaishia juu ya vichwa vya wanaovuta kamba, mbele bahari. Fundi alitusikiliza huku akiendelea na kalafati, anasukumia pamba kwenye nyufa kwa patasi na nyundo. Akatoa masharti mawili. Kidege kisipite karibu na mtu aliyeshika tezo, na kisipite juu ya vichwa vya wanaovuta. "Mtu akivuta hatazami juu," alisema. "Akitazama juu, kamba inamkata mkono." Tukaufuta mwisho wetu mzuri, tukaandika mwingine: kidege kitapanda kando, kitasimama nyuma ya tezi ya chombo.

Jioni ya pili yule mama alikuja. Alisimama kwenye baraza ya shangazi, hakuketi.

"Nasikia mnapitisha tena kile kidege. Safari hii kinapita wapi?"

Nikamwonyesha. Nilimtembeza njia nzima, kutoka kichochoroni mpaka ufukweni, nikimwonyesha kwa mkono urefu wa kidege, hapa kiunoni, hapa juu kidogo ya kichwa. Kile kichochoro kinapakana na ukuta wa ua wake. Kidege kingepita chini ya ukuta, kisingeona kitu. Nikamweleza hivyo.

"Nimeelewa," akasema. "Hapa msipite."

Kichochoro kile ndicho kilikuwa Minneapolis yetu. Kutoka kwenye giza la kuta mbili halafu ghafla karakana na mwanga wa bahari, ndiyo picha ambayo mteja angeilipia bila kuuliza. Kijana alinitazama. Kweli, kisheria na kimantiki, hakukuwa na tatizo hata moja. Nikasema, "Sawa mama, hatupiti." Tukaanzia mlangoni mwa karakana.

Siku yenyewe maji yalijaa mapema. Watu walikuwa wengi kuliko tulivyohesabu, watoto hasa. Nilisimama nyuma ya kijana, mkono wangu umeshika shati lake begani. Yeye amevaa miwani, mwili wake uko Kivinje lakini yeye mwenyewe yuko huko ndani ya kidege. Nikagundua kitu cha ajabu kuhusu nafsi ya kwanza: anayeitumia ndiye pekee asiyejua amesimama wapi. Mara mbili nilimvuta shati, mara moja kwa mbwa, mara moja kwa mtoto aliyekuja kutazama miwani kwa karibu. Mara ya mbili alilazimika kutua na kuanza upya. Tulikuwa na betri nne. Ya tatu ndiyo iliyofanikiwa: dakika moja na sekunde 12, kutoka mlangoni, chini ya chombo, kando ya mataruma, hadi kwenye tezi, wakati huo huo ambao jahazi linaanza kusogea kwenye magogo. Sauti ya kidege ilifunika nyimbo za wavutaji, kwa hiyo nyimbo nilizirekodi kando, nikaziweka baadaye. Hata ile ya Minneapolis sauti zake ziliwekwa baadaye.

Droni yangu ndogo nayo nilirudi kuitumia, maana kuna kazi ambayo FPV haifai. Jahazi lilipotweka tanga na kwenda nje, nilitaka kulifuata juu ya maji kwa dakika nyingi, polepole, na juu ya bahari hutaki kidege cha betri fupi kinachozama kosa likitokea. Nilipanda mashua, nikarushia huko majini, kamera ikielekea upeo wa bahari na mgongo ukielekea nyumba. Hapo nafsi ya tatu ilikuwa mahali pake. Chombo kikiwa baharini kinatazamwa na kila mtu, na hakuna ua.

Kwa hiyo ukiniuliza leo ununue ipi, nitakuuliza kwanza unampiga nani, naye yuko wapi. Ikiwa ni mandhari, shamba, bahari, barabara, chukua ya kawaida, itakupa muda na utulivu, na pesa yako haitaangukia mwambani wiki ya kwanza. Lakini kabla hujapaa juu ya makazi ya watu, tembea huko chini kwanza, uwaambie. Baadaye tazama faili zima kwenye kioo kikubwa kabla hujamtumia mtu yeyote. Ikiwa unataka kuingia ndani walipo watu, mnachofanya kazi pamoja, FPV, na ukodi rubani kama huna mwaka mzima wa mazoezi. Na panga siku moja nzima ya kutembea bila kurusha. Hiyo siku usiikate hata bajeti ikibana.

Mteja aliipokea filamu. Aliandika kwamba ni nzuri ila mwanzo umekuja ghafla, tungeanzia mbali kidogo, labda kwenye kichochoro fulani. Sikumjibu urefu. Nilimwambia palikuwa hapapitiki.

Juzi niliitazama tena. Kwenye sekunde ya 58 hivi, kidege kinapopanda kando ya ubavu wa chombo, wanaonekana wanawake wamesimama mchangani wanapiga vigelegele. Yule mama yumo, mstari wa mbele, anatazama kamera moja kwa moja. Alijua itapita hapo, nilimwonyesha mwenyewe. Amevaa kanga mpya. Si ile niliyompelekea.